UZI: Vinundu kwenye majani ya mkaratusi si ugonjwa. Mdudu na mti wanavyofukuzana vizazi kwa vizazi

Kitalu Kisesa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni.

Juzi kati kuna mdau katupia picha za miche yake ya mikaratusi kule jukwaa la kilimo. Majani yamejikunja, mshipa wa kati umejaa vinundu, vingine vya kijani, vingine vimeshaanza kuwa vyekundu. Majibu aliyopewa ni yaleyale: fangasi, virusi, udongo umechoka, piga dawa. Mmoja akamwambia aangalie majirani. Nimeona bora nifungue uzi kabisa, maana mada hii ni tamu na sisi wa Kanda ya Ziwa tunapita pembeni yake kila siku.

Chukua kinundu kimoja, kipasue kwa wembe taratibu. Ndani kuna chumba kidogo cha mviringo chenye kuta laini, na humo amejikunja funza mweupe asiye na miguu. Huyo ni mtoto wa nyigu anayeitwa Leptocybe invasa. Mama yake ana urefu wa milimita moja na kidogo tu, mweusi mwenye mng'ao wa kijani na bluu, ukimwona juu ya jani utampuliza ukidhani vumbi. Anachoma mshipa au kikonyo cha jani changa, anataga, anaondoka. Kuanzia yai mpaka nyigu mpya kutoboa na kutoka ni kama miezi minne na nusu. Karibu wote ni majike na wanazaa bila kumhitaji dume, kwa hiyo akifika mmoja kitaluni kwako biashara imeshaanza.

Sasa swali langu ni hili: hicho kinundu kimejengwa na nani? Si mdudu. Kila seli ya ule uvimbe ni ya mkaratusi. Mdudu kaleta amri tu. Ni mpangaji aliyeingia bila mkataba, kisha akamfanya mwenye nyumba amjengee chumba, amletee chakula kitandani na amwekee ukuta mnene wa nje. Ukikiangalia kinundu kwa darubini, mara nyingi utakuta tabaka la ndani ni seli laini zilizojaa sukari na protini, hilo ndilo analolila. La nje ni gumu, na kwa mimea mingi limejaa tanini, ile inayokausha ulimi ukitafuna gome.

Na ramani ya jengo ni ya mdudu. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wana miti ya mialoni inayoshambuliwa na zaidi ya aina elfu moja za nyigu wa vinundu. Kwenye jani moja la mwaloni unaweza kukuta kinundu laini cha mviringo na pembeni yake kingine chenye manyoya. Mti ni uleule, jani ni lilelile, wajenzi ni wawili. Jeni za mdudu zinaonekana kwenye mwili wa mti. Kila nikifika hapo huwa nasimama kidogo.

Mchezo huu ni wa zamani kuliko maua. Kuna vikonyo vya majani ya kangaga (fern) wa kale wakubwa kama miti, vilivyogeuka mawe huko Illinois, Marekani, vyenye vinundu vya wadudu vya miaka kama milioni 300 iliyopita. Binadamu tumechelewa sana kuelewa: mpaka karne ya 17 wasomi wengi waliamini mti wenyewe ndio unaozaa wale funza. Marcello Malpighi wa Italia ndiye aliyeonyesha mwaka 1679 kwamba mdudu anatoka kwenye yai lililotagwa.

Nitaendelea. Wenye maswali leteni, na wale wa kupinga pia karibuni.

Sato wa Foili

Naweka kambi hapa. Muuza kahawa pita na huku.

Mpita Njia Buzuruga

Mkuu hapo kwenye "kaleta amri" usipite haraka. Anaamrisha kwa kutumia nini? Maana mimi namwamrisha mtoto wangu mwenyewe na hanisikii, sembuse mdudu kuamrisha mti.

Kitalu Kisesa

Hahaha, kwa mtoto sina msaada.

Kwa mdudu, anatumia mate, na wakati mwingine maji anayoyatoa mama yake akitaga. Ndani ya hayo mate kuna vitu vya aina mbili ambavyo watafiti wamevikamata vizuri.

Cha kwanza ni homoni za mimea. Mmea unajua wapi pa kukua na wapi pa kutulia kwa kutumia homoni kama oksini na saitokinini. Kuna wadudu wa vinundu wanaotengeneza oksini wao wenyewe mwilini, kabisa, mdudu anatengeneza homoni ya mti. Mfano ni nyigu wa msumeno wanaovimbisha majani ya miti jamii ya Salix. Ukimwaga homoni hizo mahali pamoja, seli zinagawanyika hovyo. Lakini homoni peke yake inatoa donge tu. Haikupi jengo lenye vyumba.

Cha pili ndicho kinachonipa raha: protini zinazoingia kwenye seli za mmea na kubadili kazi zake. Inzi wa ngano, Mayetiola destructor, jenomu yake, yaani jeni zake zote, ilisomwa na matokeo yakatoka 2015. Wakakuta mamia ya jeni za protini za mate za namna hiyo, familia moja tu ina zaidi ya 400. Mdudu mdogo kuliko mbu, lakini ghala lake la mate ni kubwa kupindukia.

Halafu mwaka 2021 ikatoka ya kidukari wa Marekani, Hormaphis cornu, anayejenga vinundu vyenye ncha kwenye majani ya kichaka cha Hamamelis. Vinundu vingine ni vyekundu, vingine kijani. Watafiti wakafuatilia, wakakuta tofauti ya rangi inatokana na jeni moja. Si jeni ya kichaka, ni ya kidukari. Ile jeni ikifanya kazi kwenye tezi za mate, kichaka kinazuiwa kutengeneza rangi nyekundu na kinundu kinabaki kijani.

Kwa nini ghala liwe kubwa hivyo? Kwa sababu mmea nao una walinzi wake wanaonusa protini za kigeni. Protini ikitambulika, seli zinazozunguka yai au funza zinajiua makusudi, panakauka kidoa cheusi na mtoto anakufa njaa. Ukiona jani lina vidoa vikavu mahali ambapo ungetegemea vinundu, inawezekana unaona mahali mti ulishinda. Mdudu mwenye protini ambayo haijatambulika ndiye anayeacha watoto. Na mmea wenye mlinzi mpya ndio unaoacha mbegu. Basi inakwenda hivyo.

Mama Jaruba

Mwangaluka wana jukwaa. Mimi si msomi, nalima mpunga huku Magu. Umeongelea ngano na miti, niulizie mpunga. Kuna mwaka tulichelewa kupanda, mvua zilisuasua. Kwenye majaruba ya chini baadhi ya mashina hayakutoa suke, yalitoa mrija mweupe mrefu umesimama wima kama sindano, na karibu na ncha pana kitundu chenye kiganda cheupe kinaning'inia. Mwenye shamba la jirani alisema ni mbegu mbovu tulizouziwa. Ni huyu mdudu wenu?

Kitalu Kisesa

Mwangaluka mama yangu. Wewe ndiye msomi hapa, kile kiganda cheupe wengi hawakioni.

Ulichoeleza kinalingana kabisa na usubi wa mpunga wa Afrika, Orseolia oryzivora. Ni kimdudu kama mbu. Jike anataga kwenye jani, funza anashuka katikati ya ala za majani mpaka chini kabisa kwenye chipukizi, anakaa hapo na kula. Shina lile, badala ya kujiandaa kutoa suke, linatoa ule mrija, ambao sehemu nyingi wanauita jani la kitunguu. Akishakomaa anapanda ndani ya mrija mpaka karibu na ncha, anatoboa, anajichomoza nusu, usubi anaruka. Kiganda ulichokiona ni nguo aliyoivua. Shina hilo suke halitoki tena, ila mpunga huwa unajitahidi kuchipua mashina mengine. Na kuchelewa kupanda ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu usubi wanakuwa wameshazaliana kwenye mashamba yaliyotangulia. Msimu ujao ukiuona tena mwite afisa ugani aung'oe na shina lake, au peleka kwa watu wa TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, pale Ukiriguru. Usinyunyize dawa kwa hasira: funza yuko ndani ya shina, dawa iko nje.

Sasa hapa ndipo mada inaponoga. Mdudu huyu ni wa Afrika. Anaishi pia kwenye mpunga-pori, ule Oryza longistaminata wenye vizizi virefu unaowasumbua kwenye mbuga. Afrika Magharibi wana mpunga wao wa asili, Oryza glaberrima, ambao wazee wao waliufuga wenyewe. Mpunga huu umekaa na usubi huyu maelfu ya miaka, na baadhi ya aina zake zina ukinzani mkali kiasi kwamba funza hafiki mbali. Mpunga tunaolima wengi wetu asili yake ni Asia. Umefika huku bila kukutana naye kabla, na aina zake nyingi zinaliwa kirahisi.

Asia nao wana ndugu yake, Orseolia oryzae. Huko India wamegundua jeni zaidi ya 10 za ukinzani kwenye mpunga. Walipotoa mbegu yenye jeni moja ikalimwa eneo kubwa, wakulima walifurahi miaka kadhaa, kisha wakatokea usubi wa kundi jipya wanaoila bila shida. Ikaletwa jeni nyingine, likatokea kundi lingine. Ngano na inzi wake ni hivyohivyo. Tangu 1970 ilionyeshwa kwamba kwa kila jeni ya ukinzani ya ngano, inzi ana jeni yake inayolingana, na inzi akiibadilisha hiyo, mlinzi wa ngano hamtambui tena.

Jambo moja la shambani: kuna jani-pori linaitwa Paspalum scrobiculatum, linaota sana kwenye maji. Nalo lina usubi wake wa vinundu, Orseolia bonzii, ambaye mpunga haugusi. Ila nyigu wadogo wanaomuua usubi huyo ndio haohao wanaomuua usubi wa mpunga. Kwa hiyo ukifyeka kila kitu mpaka kingo zikabaki kipara, unawanyima wale nyigu mahali pa kungojea msimu.

Mama Jaruba

Wabeja sana mwanangu. Kingo zangu sitazigusa.

Mbishi wa Kirumba

Mimi nimesoma yote, nina pingamizi. Mnasema wanabadilika "pamoja" kana kwamba ni ndoa. Ukiangalia mifano yote, mdudu ndiye anayehangaika. Mkaratusi umesimama tu. Mti unaishi miaka hamsini, mdudu anazaa mara mbili au tatu kwa mwaka. Pamoja iko wapi hapo? Huko ni kukimbizwa na mtu mmoja.

Kitalu Kisesa

Mkuu pingamizi lako ni zuri na nakubaliana na sehemu kubwa. Hata hicho ndicho nilitaka kukisema tangu mwanzo: kubadilika pamoja si mapenzi, na si sawa kwa sawa.

Kwa mdudu, mmea ni kila kitu. Akikosea aina, akikosea hata wiki ya kutaga, ukoo umekatika. Kwa mmea, mdudu huyu ni adui mmoja kati ya mamia: kuna viwavi, mbuzi, fangasi, ukame. Mmea hauwezi kutumia nguvu zote kumpiga nyigu wa milimita moja huku ng'ombe anakuja. Ndiyo maana vinundu vingi duniani haviui mti, na mti hauhangaiki navyo sana. Ukiangalia ukoo wa wadudu na ukoo wa miti kwa jeni, mara nyingi matawi hayalingani moja kwa moja. Mdudu anaruka kutoka mti mmoja kwenda ndugu yake, anatengeneza aina mpya, mti wenyewe haujabadilika lolote kwa ajili yake. Mmea unajibu pale hasara inapokuwa kubwa, kama kukosa suke.

Ila kuna mtu wa tatu hujamhesabu. Adui wa mdudu.

Marekani kuna mmea wa maua ya njano, Solidago, unaota kando ya barabara. Inzi anaitwa Eurosta solidaginis anauvimbisha shina linakuwa kama gololi kubwa, funza mmoja ndani. Warren Abrahamson na Arthur Weis waliuchunguza kwa miaka mingi. Kinundu kikiwa kidogo, ukuta ni mwembamba, nyigu mwingine anapitisha sindano yake ya kutagia mpaka ndani na mtoto wake anamla funza. Basi kinundu kikubwa ni salama? Hapana. Wakati wa baridi kali majani yameisha, ndege wanaviona vile vikubwa kwa urahisi, hasa kigogota mmoja mdogo wa huko, anatoboa na kumchomoa funza. Vidogo vinaliwa na nyigu, vikubwa vinaliwa na ndege, vya katikati ndivyo vinavyopona zaidi. Na ukubwa unategemea jeni za inzi na jeni za mmea kwa pamoja.

Kwa hiyo ukikuta kinundu kina ukuta mnene, au manyoya, au kinatoa utomvu mtamu unaoita sisimizi wa kulinda, usitafute sababu kwenye ugomvi wa mdudu na mti peke yake. Mara nyingi umbo lile limechongwa na wanaomwinda mdudu.

Na hoja yako ya miaka hamsini ni kweli. Mti mmoja hautamwahi mdudu. Lakini miti haiko sawa. Kwenye msitu wa asili kila mti una walinzi tofauti kidogo, nyigu aliyefaulu kwa mti huu anaweza kukwama kwa jirani yake. Sisi tukipanda ekari kumi za miche iliyotokana na mama mmoja, tofauti hiyo tumeifuta wenyewe.

Mbishi wa Kirumba

Sawa. Mtu wa tatu nimempokea. Endelea, niko macho.

Kijana wa Ukerewe

Kiongozi, tukiwa wadogo tulikuwa tunaokota kuyu chini ya mikuyu ya ziwani, ukilipasua unakuta vidudu vimejaa, vingine vinaruka. Bibi alikuwa anatuambia pulizeni mle. Hao nao wanahusika au ni kuoza tu?

Kitalu Kisesa

Wanahusika kuliko wote! Hapo sasa ndipo mbishi wetu atapata ndoa aliyokuwa anaitafuta.

Kuyu si tunda la kawaida. Ni mfuko uliofungwa, maua yote yamegeukia ndani, mamia ya maua madogo ambayo hayaoni jua. Nani atapeleka chavua humo? Nyigu anaitwa Ceratosolen arabicus. Jike anaingia kwa kujisukuma kwenye tundu dogo lililo kwenye kitako cha kuyu, njia ni nyembamba mpaka mbawa zinakatika. Hatoki tena. Ndani anatoa chavua aliyoibeba kwenye vifuko vya kifuani mwake, anachavusha, na hapohapo anataga kwenye baadhi ya maua. Kila ua lenye yai linavimba na kuwa kinundu, mtoto mmoja ndani. Maua mengine anayochavusha yanatoa mbegu. Mti unalipa sehemu ya maua yake ili mengine yapate mbegu.

Madume yanatoka kwanza, hayana mbawa, yanawapanda majike yakiwa bado ndani ya vinundu vyao, kisha yanatoboa mlango wa kutokea. Majike yanakusanya chavua, yanatoka, yana siku moja au mbili za kuishi kutafuta mkuyu mwingine wenye makuyu machanga. Ulivyopasua kuyu ukaona vinaruka, uliwafungulia mlango mapema. Na usiwadharau kwa udogo wao: huko Namibia, kwenye bonde la mto Ugab lililozungukwa na jangwa, vipimo vya jeni za mikuyu vilionyesha nyigu hawa wakipeperushwa na upepo wanapeleka chavua kwa wastani wa karibu kilometa 90, na wengine zaidi ya 160. Kutoka Mwanza mjini kilometa 160 unavuka Ukerewe na kusonga mbele zaidi.

Aina za miti jamii ya mkuyu duniani ni zaidi ya 750, na nyingi zina nyigu wake maalumu. Hapa kweli wote wawili wanategemeana: mkuyu bila nyigu hauna mbegu, nyigu bila mkuyu hana pa kuzaa. Na bado kuna wizi. Kwenye mikuyu yetu ya Afrika yumo Ceratosolen galili, wa jamii ileile, anaingia kwa mlango uleule na kutaga vilevile, lakini hachavushi. Mababu zake walikuwa wachavushaji, yeye kaacha kazi kabaki na posho. Miti nayo haiko kimya: utafiti uliofanyika Panama kwa ndugu za mkuyu ulionyesha baadhi ya miti inaangusha matunda ambayo nyigu wameingia bila kuchavusha, watoto wakiwa humohumo.

Tazama na hili. Zamani sana mkuyu ulipelekwa Misri, nyigu mchavushaji akabaki huku kusini. Wamisri wakawa wanapanda kwa vipande vya matawi, kizazi baada ya kizazi, mbegu hakuna. Ili kuyu liive walikuwa wanalichana kwa kisu likiwa bado mtini, jeraha linatoa gesi ya kuivisha na baada ya siku chache linalika. Binadamu alichukua nafasi ya mdudu kwa maelfu ya miaka.

Sato wa Foili

Kwa hiyo kwa lugha nyepesi sisi wote tuliokulia ziwani tumekula nyigu.

Kitalu Kisesa

Mama zao na madume, ndiyo. Protini ya bure.

Dereva wa Ndabaka

Mkuu nachangia. Mimi napeleka wageni Serengeti kupitia geti la Ndabaka. Kule kwenye udongo mweusi kuna migunga mifupi yenye miiba iliyovimba, vinundu vyeusi vyenye matundu, upepo ukipita vinapiga mluzi. Wageni nawaambia sisimizi ndio wanaovimbisha. Ukitikisa tawi wanatoka mia nane wanakung'ata. Ni jambo hilihili?

Kitalu Kisesa

Kaka hapo wageni wako unawalisha chumvi kidogo. Mgunga ule, Acacia drepanolobium (siku hizi wanauita Vachellia), unavimbisha miiba yake wenyewe. Hata mche uliokuzwa bila sisimizi hata mmoja unatoa vinundu. Sisimizi wanatoboa tu na kuhamia, na wanapata utomvu mtamu kwenye majani. Wao wanalipa kwa kumng'ata twiga na tembo anayeleta pua.

Hadithi nzuri ya kuwapa ni hii. Huko Laikipia, Kenya, watafiti walizungushia uzio sehemu ya migunga hii ili wanyama wakubwa wasiingie. Baada ya miaka kumi miti ya ndani ya uzio ilikuwa imepunguza utomvu na miiba iliyovimba, maana hakuna wa kuikinga dhidi yake. Ungetegemea miti inawiri. Ikawa kinyume: wale sisimizi walinzi wakadhoofika, ikaingia aina nyingine, Crematogaster sjostedti, ambayo haijali ulinzi na inaishi kwenye matundu yaliyochimbwa na mbawakawa. Miti ikazidi kuliwa na mbawakawa, ikakua polepole na kufa zaidi kuliko iliyokuwa inaliwa na twiga. Matokeo yalitoka 2008.

Dereva wa Ndabaka

Aisee. Hiyo naanza nayo Jumamosi.

Mlinzi wa Imani

Mungu aliumba kila kitu kwa jinsi yake. Mageuko ni nadharia za wazungu.

Kitalu Kisesa

Mtumishi, imani yako siigusi na uzi huu si wa kushindana na madhabahu. Ila wale usubi wa India wametokea machoni pa wakulima walio hai, shamba lilelile, mbegu ileile iliyokuwa inawashinda. Mkulima akiniuliza kwa nini mbegu yake imeacha kufanya kazi, lazima nimpe jibu litakalomsaidia kuchagua nyingine.

Miche Buswelu

Wakuu, yule wa picha ni mimi. Nimesoma kimya kimya tangu juu. Sasa mnisaidie: huyu nyigu wa mikaratusi mbona kaja kwa kishindo hivi? Wazee wamepanda mikaratusi hapa miaka na miaka, hatukuwa na hili. Na nifanye nini na miche iliyobaki?

Kitalu Kisesa

Karibu ndugu yangu, pole na hasara.

Mkaratusi ni wa Australia, na nyigu wake pia ni wa huko. Wazee walileta mti peke yake, kwa mbegu, wadudu wakabaki kwao. Mwaka 2000 nyigu huyu akaonekana nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati, kufikia 2002 alikuwa Kenya na Uganda, na kwetu hakukawia. Sayansi yenyewe ilimpa jina 2004 akiwa tayari ni kero ya mabara. Kwao Australia hana makuu, kwa sababu kuna nyigu wengine wanaomla ndani ya vinundu. Huku kaja bila hao, akakuta mashamba ya miti iliyofanana.

Kwa miche yako: iliyovimba mpaka ncha imepinda, ing'oe uichome, usiitupe dampo la jirani. Isiyo na vinundu usiichanganye nayo na usiuze hata kwa bei ya hasara, maana njia kubwa ya huyu mdudu kusafiri ni gari la miche. Kunyunyiza juu juu ni kupoteza hela. Mbegu zinatofautiana sana: mkaratusi wa aina ya camaldulensis na baadhi ya machotara yake ndiyo yanayoshambuliwa vibaya, kwa hiyo waulize wa misitu aina gani inahimili kwako kabla hujajaza viriba vingine, na uchanganye aina.

Dawa ya kweli ni adui yake. Waisraeli walikwenda Australia wakamtafuta, wakarudi na vinyigu viwili, Quadrastichus mendeli na Selitrichodes kryceri. Afrika Kusini wakaachia kingine, Selitrichodes neseri. Vinyigu vya namna hii vina tabia ya kumfuata mwenyeji wao nchi hadi nchi bila kupelekwa na mtu.

Kwa hiyo kabla hujachoma yote, kata matawi machache yenye vinundu vilivyoanza kuwa vyekundu au kahawia, yatie kwenye chupa kubwa ya plastiki, mdomo ufunge kwa kitambaa chepesi, weka kivulini. Watakaotoka wapige picha kwa karibu. Wakiwa wa sura moja tu, weusi wenye mng'ao, ndio haohao. Wakitoka wa sura mbili, tupia hapa kabla hujawagusa.

Miche Buswelu

Chupa ya lita tano inafaa?

Kitalu Kisesa

Inafaa. Kausha ndani kwanza, unyevu ukijikusanya wanazama.